Mpeni jalada kabla ya swali: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya vyuo na ajira

Nkuhungu, Dodoma

Kwenu wakuu wa vyuo vilivyopo Dodoma na Kanda ya Kati. Kwenu Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Na kwenu wote mliokabidhiwa masuala ya kazi na ya watu wenye ulemavu.

YAH: MIPANGO YA KAZI KWA WANAFUNZI WA VYUO WENYE USONJI

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mnisamehe kwa mtindo huu. Nimekaa masjala, ofisi ya kutunza majalada, miaka 31, na mtu wa masjala hata akimwandikia mkewe anatamani kuweka kumbukumbu namba. Nimestaafu mwaka jana. Barua nyingi za wakubwa zimepita mikononi mwangu: nikazigonga muhuri wa kupokelewa, nikazitoboa, nikazipa folio (namba ya karatasi ndani ya jalada), nikazipeleka kwa wahusika. Kwa hiyo najua barua inavyokufa. Haifi kwa kuchanwa. Inakufa pale mtu anapoandika pembeni "tuzungumze", halafu jalada likarudi kabatini. Hii nimeiandika wazi ili isipate pa kulala.

Naandika kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Jina lake sitalitaja. Nilipomwomba ruhusa alitaka kujua kwanza barua itasomwa na watu wangapi, nikashindwa kumpa idadi.

Ana miaka 26 na ana usonji. Neno hilo lilitufikia akiwa ameshatimiza 20. Kabla ya hapo alikuwa na majina mengi: mkimya, zuzu, mwenye jini, mtoto wa vitabu. Na kwa kuwa tuko Dodoma, lilikuwepo lile moja ambalo Tanzania nzima inalijua: watu walimwambia dada yangu ampeleke Mirembe. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili na inafanya kazi ya heshima. Midomo yetu ndiyo iliyoigeuza kuwa tusi. Lakini usonji si kichaa, wala hakuna dawa ya kuutoa. Ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni, mtu akawa anasikia, anaona, anaelewa maneno na watu kwa njia yake. Wapo wanaohitaji msaada wa karibu kila saa, na wapo ambao huoni shida yao mpaka umpe kazi, au umnyime. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Wengi hukwama kabla ya chuo, najua. Hata hivyo punguzeni hesabu hiyo mnavyotaka, ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi 500 ni vigumu ukose mmoja.

Karani mmoja tuliyempelekea barua ya daktari aliisoma mara mbili, akainua uso: "Usonji... ndiyo kusema anasonya watu?" Hakuwa na ubaya. Aliuliza kile alichokisikia ndani ya neno. Nami kabla ya mpwa wangu nisingekuwa na jibu la maana la kumpa.

Naanza na mambo madogo, maana ndiyo yanayomkosesha kazi.

Kiswahili chetu cha ofisini kimejaa maneno ambayo hayamaanishi yanachosema. "Karibu chakula," unamwambia mtu anayepita huku sahani iko mbele yako, na nyote wawili mnajua atajibu "asante, endelea". Mpwa wangu alikaribishwa hivyo siku ya pili ya mafunzo ofisini kwetu. Akanawa, akavuta kiti, akala nusu ya wali wa mama mhasibu. Akiulizwa habari za nyumbani, anazitoa: mbuzi mmoja amekufa, mama anaumwa jino la juu kushoto, umeme ulikatika saa mbili na dakika kumi. Lakini baya kuliko yote ni "njoo kesho". Sisi tuliokulia kwenye ofisi tunajua "njoo kesho" ni nini. Yeye huja kesho, saa ileile. Akiambiwa tena kesho anakuja tena, na siku ya nne mlinzi anamwita msumbufu.

Walinzi nao wana lao. Alipotumwa kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo alipewa na chuo barua moja ya utambulisho, kama wenzake wote, kila mmoja ajitafutie. Akaiweka kwenye bahasha ya kaki, akapanda daladala ya Mtumba, kwenye ofisi za Serikali. Kwenye geti la ofisi ya kwanza mlinzi akamuuliza kama anavyomuuliza kila mtu: "Una shida gani?"

"Sina shida."

"Kama huna shida umefuata nini?"

"Nimeleta barua ya chuo."

"Sasa chuo kipo hapa?"

Akafikiri. Akajibu kwamba hapana, chuo hakipo hapa, na kwa kuwa huo ndio ulikuwa ukweli akageuka akaondoka. Siku hiyo alifika ofisi tatu na hakuvuka geti hata moja. Jioni alinisimulia neno kwa neno, bila kulalamika, akitaka nimweleze alikosea wapi. Nilitafuta kosa lake mpaka chai ikapoa.

Lakini nimetangulia. Kosa la kwanza halikuwa la walinzi. Lilikuwa letu nyumbani, na chuo kikatusaidia kulikamilisha.

Alipomaliza kidato cha sita na alama nzuri tulikaa kikao cha ukoo kwa dada yangu Mpunguzi, pembeni ya shamba lake la zabibu. Hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Tuliulizana sisi kwa sisi: kozi ipi ina ajira, ipi ina mkopo? Ualimu, tukasema. Mimi ndiye niliyelitamka kwanza, naandika hapa ili ijulikane. Mtoto ambaye miaka yote ya shule aliziba masikio kengele ikigongwa, tukampeleka asomee kusimama mbele ya watoto. Na kijana mwenyewe alikuwa hapo hapo, anapogoa mizabibu ya mama yake, anahesabu macho ya kubakiza kwenye kila tawi na hakosei. Kipaji chake kilikuwa hatua kumi kutoka kwenye viti vyetu. Hatukugeuza shingo.

Mwaka wa kwanza darasani alifanya vizuri. Halafu ukaja wakati wa mazoezi ya kufundisha. Darasa la kidato cha pili, watoto zaidi ya themanini, bati bila dari, na ule upepo wetu wa Julai unaligonga bati kama mtu anayeomba kufunguliwa. Alisimama kwa muda mfupi. Akaziba masikio, akaketi sakafuni nyuma ya meza. Watoto wakacheka. Mkuu wa shule akapiga simu chuoni, na mtu wa chuo akasema arudi nyumbani apumzike.

Hiyo "apumzike" ilichukua mwaka mzima, na deni la mkopo halikupumzika naye.

Chuo hicho kilikuwa na ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, tena yenye watu wema. Walikuwa na mashine ya nukta nundu, mkalimani wa lugha ya alama, na waliipigania njia ya viti vya magurudumu mpaka ikajengwa. Sishangai; mkoa huu una wasioona wa Buigiri na viziwi wa Kigwe, tumewazoea, tunajua kiasi fulani cha kufanya. Kwa usonji ofisi ile ilikuwa na swali moja tu: anahitaji kuongezewa muda kwenye mtihani? Hakuhitaji. Huwa anamaliza wa kwanza. Wakafunga shauri lake. Ofisi ya ushauri wa kazi ilikuwa jengo jingine kabisa, na hizi mbili hazikuwahi kukutana juu yake hata mara moja. Masjala tunalijua kosa hili: mtu mmoja amefunguliwa majalada mawili kwa namba mbili, na kila upande unaamini mwenzake ndiye anayelishughulikia.

Basi wakuu wa vyuo, ninachowaomba ninyi ni kuanza mapema, na kumweka mtu.

Kazi izungumzwe naye muhula wa kwanza. Kwa mwanafunzi mwingine kusubiri mwaka wa mwisho ni uzembe unaosameheka. Atahangaika miezi kadhaa, atajua ofisi zinakwendaje kwa kutazama wenzake. Huyu hajifunzi kwa kutazama hivyo. Mahali pa kazi anapajifunza kama mgeni anavyojifunza mji, mtaa kwa mtaa, na akishapajua hapotei tena. Mpelekeni asubuhi moja moja. Leo maktaba, mwezi ujao stoo ya dawa ya hospitali, mwingine maabara ya udongo, mwingine Makutupora kwenye utafiti wa zabibu. Asikie kelele za kila mahali, aone taa, ajue watu wanakula wapi na choo kiko upande gani. Akirudi aulizwe maswali yanayojibika. Sauti ipi ilikuumiza? Ukifanya kazi ya aina moja saa tatu unachoka au unapata nguvu? Unataka maelekezo ya mdomo au ya karatasi? Swali la "ndoto yako ni nini" wekeni kando. Mpwa wangu aliulizwa hilo, akasimulia alichokiota usiku wa jana yake.

Na mtu huyo wa kumshika mkono awe mmoja, mwenye jina, mwenye mlango unaojulikana, anayekaa naye kuanzia mwaka wa kwanza mpaka anaripoti kazini. Kamati msiunde. Nimefungua majalada ya kamati nyingi katika maisha yangu na nayajua yanavyokuwa membamba.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo roho ya jambo hili, kwa hiyo niruhusuni nikae hapo kidogo.

Baada ya yale ya Mtumba, na baada ya kumhamisha kutoka ualimu kwenda stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, nilimwomba bosi wangu anikubalie aje kwetu. Ndiyo, ni kujuana. Sifichi. Mwanafunzi asiyejua kujibu "una shida gani" hana njia nyingine katika mji huu zaidi ya mjomba, na ndiyo sababu nawaandikia: wengi hawana mjomba wa masjala.

Kabla hajaja tuliandika pamoja ukurasa mmoja. Yeye ndiye aliyeamua kiingie nini. Ulisema: nina usonji. Nikiambiwa jambo kwa mdomo huku watu wengine wanaongea, sitalisikia lote, niandikie. Niambie kazi inaisha lini na ikoje ikikamilika. Nisipokutazama usoni bado nakusikiliza. Usinishike bila kuniambia. Chini yake namba yangu ya simu na ya mwalimu wake. Bosi aliusoma, akaguna, akasema angependa wafanyakazi wake wote waje na karatasi kama hiyo.

Siku ya kwanza hakuweza kukaa. Alizunguka chumba, akasimama chini ya taa ya tyubu ya kona ya kulia akaonyesha kidole. Ilikuwa inapepesa. Ilikuwa inapepesa miaka mingi, sisi macho yetu yalishakata tamaa nayo. Tukabadilisha tyubu, tukamsogezea meza dirishani, mbali na mashine ya kudurufu. Hayo ndiyo yalikuwa marekebisho yote. Nawatajia kwa sababu nikisema "marekebisho ya mahali pa kazi" naona waajiri wanashika mifuko. Ni tyubu moja na meza kusogezwa.

Bosi akipaza sauti "lile jalada la yule mzee, niletee", yeye alikuwa anauliza: mzee yupi, namba gani? Watu walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu bosi alikuwa anataja namba, kwa watu wote, na majalada yakawa yanapatikana.

Sasa lipo hili. Dodoma, tangu Serikali ihamie, jalada la kiwanja likipotea watu hawalali. Alikuwepo mama mmoja mjane, kwa miaka miwili anakuja, na kwa miaka miwili tunamwambia njoo kesho. Mimi mwenyewe nilishalitafuta jalada lake nikainua mikono. Wiki ya tano mpwa wangu alikuwa anapitia kabati la nne, jalada moja baada ya jingine, analinganisha folio na orodha ya ndani. Akaja mezani kwangu na jalada la mtu mwingine kabisa, nene, akalifungua katikati, akasema: "Matundu hayalingani."

Sikumwelewa. Akanielekeza kwa ncha ya kalamu. Karatasi zote za jalada lile zilitobolewa na panchi moja, matundu yake yamenyooka toka juu mpaka chini kama bomba. Katikati palikuwa na karatasi 17 ambazo matundu yake yalikuwa pembeni kidogo, upana wa punje ya mtama. Panchi nyingine. Ofisi nyingine. Mtu alizishika pamoja siku moja, pengine jioni akiwahi daladala, akazichomeka mahali siko. Zilikuwa za yule mama.

Nilimpigia simu, akaja mbio na kanga ya kiunoni. Alipoonyeshwa ni nani aliyezipata alilia, akafungua mikono amkumbatie. Kijana akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia, "Shikamoo."

Miaka 31, waheshimiwa. Sikuwahi kutazama matundu.

Akamaliza stashahada. Akaanza kuomba kazi, na hapo nageukia upande wenu wa ajira.

Katika taasisi moja, ambayo siitaji, alifanya usaili wa mchujo akawa miongoni mwa wa juu kabisa. Kwenye mahojiano akaanguka. Nyingine, hivyo hivyo. Kwa kuwa hasahau, alinipa mahojiano yote mawili kama nilikuwa chumbani. Aliambiwa "tueleze kuhusu wewe", akaanza na saa aliyozaliwa. Alipofika darasa la pili wakamkatiza. Akaulizwa baada ya miaka mitano anajiona wapi. Akajibu: "Nkuhungu, kwa mjomba." Akaulizwa kwa nini wamchague yeye na si wengine, akasema hawezi kujua, kwa sababu wengine hajawaona kazi zao. Mimi naliona hilo ni jibu la mtunza kumbukumbu hasa. Lilimpa sifuri. Mwishoni wakamwambia "tutakupigia". Kwa wiki tatu hakutoka nyumbani bila simu, hata chooni aliingia nayo.

Sisemi mahojiano yafutwe. Nasema kwanza tujue tunapima nini. Dereva hatumuulizi anajisikiaje juu ya usukani, tunampa gari. Usaili wa vitendo mnao tayari, mnaufanya kwa kada kadhaa, na mtu yeyote mwenye usonji anayeomba kazi ya kushika kitu, kupanga, kuhesabu, kukagua, kuandika programu ya kompyuta, anaweza kupimwa hivyo. Mwekeeni majalada mia moja yaliyovurugwa na saa mbili. Pale ambapo mahojiano hayaepukiki, mpeni maswali kwenye karatasi nusu saa kabla, chumba kitulivu, na mtu mmoja aulize badala ya watano kupokezana. Maswali yawe ya jambo lililotokea: "umewahi kukuta jalada limechanganywa, ulifanyaje?" Mngemuuliza hilo mngesikia habari za matundu.

Matangazo yenu ya kazi yanasema waombaji wenye ulemavu wanahimizwa kuomba na wabainishe ulemavu wao kwenye mfumo. Ni jambo jema, na nyumbani kwetu lilileta ugomvi wa siku mbili. Dada yangu hakutaka. Alisema ukiweka hapo usonji watamwona wa Mirembe, jina halitafika popote. Mimi nikasema asipoweka watamwona mwenye dharau. Kijana akauliza swali ambalo sote wawili hatukuwa na jibu lake: akishabainisha, taarifa inakwenda kwa nani? Aliweka. Alipofika kwenye mahojiano hakuna aliyeonekana kujua lolote. Tuandikieni, basi, kwa lugha ya kawaida: ukibainisha, ofisa fulani atakupigia kabla ya usaili kukuuliza unahitaji nini, wenye kukuhoji wataambiwa hiki, hawataambiwa kile. Vijana wengi wanaficha, na sababu yao si aibu tu. Hawaoni faida ya kusema.

Sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara yake ya 27 unazungumzia marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Ila mwajiri akitafuta wa kujaza ile asilimia huwa anatafuta ulemavu wa kuonekana, ili mkaguzi akija auone kutoka mlangoni. Mtu wa usonji anaonekana mzima mpaka afanye jambo lisilo la kawaida, na hapo anaonekana mtovu wa adabu. Mnapokagua, ulizeni na hao.

Usiku, simu ikiwa na bando, huwa nasoma. Nimesoma kwamba mtoto wa kwanza kuelezwa na daktari Leo Kanner, katika andiko lake la mwaka 1943 huko Marekani kuhusu usonji, aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Nilitegemea kusoma habari za huzuni. Kumbe alisoma chuo, akahitimu mwaka 1958, akafanya kazi benki maisha yake yote, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Mji mzima ulimjua na kumzoea. Nilifurahi mpaka nikasoma kwamba benki ilikuwa ya ukoo wao. Sasa mtoto wa Mpunguzi benki ya ukoo ataitoa wapi? Ukoo wetu una nusu eka ya zabibu.

Nchini Denmark baba mmoja, Thorkil Sonne, ambaye mwanawe ana usonji, alianzisha mwaka 2004 kampuni iitwayo Specialisterne ya kuwaajiri watu kama hao, hasa kukagua programu za kompyuta. Badala ya kuwakalisha na kuwahoji waliwapa roboti za Lego wazijenge na kuziendesha, wakawatazama wanavyofanya. Kama Lego hakuna, Dodoma majalada tunayo tele.

Naomba lakini msinielewe vibaya mkaenda kuwarundika wote masjala. Nakutana na watu wanaoniambia, kwa nia njema, kwamba wenye usonji ni mabingwa wa hesabu na kompyuta. Wapo, na wapo wasiozipenda kabisa. Jirani yangu ana binti chuoni, anaongea kuliko redio, anasoma sheria, ana marafiki. Alijifunza tangu mdogo kuiga wenzake wanavyocheka na wanavyosikitika, na akirudi jioni anajifungia chumbani gizani mpaka usiku, hana nguvu hata ya kula. Wasichana wengi huchelewa kugunduliwa kwa sababu hiyo ya kuiga. Mpango wa kazi wa binti yule haufanani na wa mpwa wangu hata kidogo. Ndiyo maana nikasema mtu, si kamati, na asubuhi moja moja, si semina.

Wengine wananishauri ajiajiri, achukue mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu ndani ya ile 10 ya mapato ya halmashauri. Ni shauri zuri kwa anayeweza kuuza. Mama yake alimwachia zabibu barabarani siku moja. Mteja akisema "punguza", anapunguza. Akisema tena "punguza", anapunguza tena, mpaka mteja anyamaze. Walinyamaza wamebeba ndoo nzima.

Kwa sasa yupo Majengo, kwenye stoo ya muuza vipuri vya pikipiki. Mzee yule hakumhoji. Nilimsindikiza, mzee akamwangalia, akasema hana muda wa maneno, aingie apange boksi za beringi. Jioni alikuta zimepangwa kwa namba, zilizokatika ziko pembeni, na kikaratasi kinachosema ni aina tatu ambazo amezinunua mara mbili. Akamwambia arudi kesho. Nikashtuka kwa lile neno, lakini safari hii lilimaanisha kesho. Analipwa 7,000 kwa siku, bila mkataba, na cheti chake cha stashahada kiko kwenye droo yangu ndani ya bahasha ileile ya kaki.

Nimemweleza kwamba nimewaandikia. Ameniuliza mtajibu lini. Nikasema sijui, akaenda akaleta kalenda, bado ameishika hapa mlangoni. Mkijibu, waheshimiwa, andikeni tarehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjomba, mstaafu wa masjala

Nakala: Jalada